Kuwakinga Vijana wa Njia Panda na UKIMWI: Majaribio ya Jamii Yametufunza Nini?

Msafiri atokaye Morogoro kuelekea Dodoma huiacha milima ya Uluguru nyuma yake, hupita Dakawa na Magole, kisha huingia Dumila. Hapo ndipo njia ya Kilosa inapochepuka kutoka barabara kuu. Mabasi husimama, malori hupumzika, na vijana wenye nyanya na mahindi ya kuchoma hukimbilia madirishani kabla dereva hajabadili gia. Mnamo Januari 2014, mafuriko yalipoharibu daraja la eneo hilo, safari za Morogoro na Dodoma zilikatika, na ndipo wengi walipotambua ni kiasi gani cha maisha ya nchi hupita katika mji huo mdogo.

Kwa mkulima, njia panda ni soko. Kwa mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, ni kifundo kinachokutanisha kamba nyingi. Makala haya hayadai kwamba Dumila ina maambukizo mengi kuliko mahali pengine. Tumeichagua kwa kuwa ni mfano wa mamia ya miji midogo ya Afrika Mashariki, ambamo shule na kituo cha mabasi hukaribiana kiasi kwamba honi za malori husikika darasani. Swali letu ni hili: katika mahali kama hapo, ni jambo gani hasa limethibitika kuwakinga vijana na virusi vya UKIMWI, na ni lipi tunalolifanya kwa mazoea tu?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Walikuwa watatu. Kufikia mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuripoti wagonjwa. Huko Kagera, kabla jina la UKIMWI halijaenea, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichopendwa wakati ule na kilichovushwa kimagendo kutoka Uganda. Jina hilo lastahili kutafakariwa. Wananchi wa kawaida, bila maabara na bila darubini, walikuwa wameng'amua kwamba maradhi hayo yalisafiri pamoja na biashara.

Tangu wakati huo tumepata silaha ambazo wazee wa Kagera hawakuwa nazo. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Mwaka 2011 ilidhihirika, kwa jaribio lililofanywa katika nchi kadhaa, kwamba mtu anayeanza dawa mapema hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake kwa asilimia 96. Pamoja na hayo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikadiria kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wana virusi, na kwamba watu wazima wapatao 60,000 huambukizwa kila mwaka. Uchunguzi uliotangulia, wa mwaka 2016 na 2017, ulionyesha jambo linalopasa kumshtua kila mwalimu: kati ya vijana wa miaka 15 hadi 24, wenye virusi walikuwa asilimia 2.1 ya wasichana na asilimia 0.6 tu ya wavulana.

Sehemu ya tofauti hiyo ni ya maumbile, kwani mwili wa msichana, hasa asiyekomaa, huambukizwa kwa urahisi zaidi. Lakini maumbile peke yake hayawezi kuufanya mzigo wa wasichana uzidi mara tatu ule wa wavulana wanaoketi nao darasa moja. Hesabu hiyo inatuelekeza nje ya darasa, kwa wanaume wenye umri mkubwa zaidi.

JARIBIO LA VIKOMBE

Kabla ya kuendelea, tunampa mwalimu jaribio liwezalo kufanyika katika shule yoyote iliyo karibu na soko. Vinahitajika vikombe 40, magadi na unga wa manjano. Magadi yayeyushwe mazito katika maji, yaachwe yatuame, kisha yachujwe hadi maji yake yasitofautiane na maji ya kawaida kwa kutazama. Kila mwanafunzi apewe kikombe chenye maji nusu. Kikombe kimoja tu kiwe na maji ya magadi, na mwalimu peke yake ajue ni kipi. Mtu yeyote asinywe.

Sasa kila mwanafunzi amtafute mwenzake, wachanganye maji yao, na kuyagawana tena. Wabadilishe wenzi, wafanye hivyo mara ya pili na ya tatu. Kisha kila kikombe kitiwe manjano kidogo. Mahali penye magadi, rangi ya manjano itageuka kuwa nyekundu iliyokoza. Kwa kuwa kila duru yaweza kuzidisha idadi maradufu, baada ya duru tatu vikombe vinane vyaweza kuwa vyekundu. Baada ya duru tano vyaweza kufika 32 katika darasa la watu 40, ingawa aghalabu vitapungua, kwa sababu wenye magadi huanza kukutana wao kwa wao.

Jaribio lirudiwe kwa namna mbili. Kwanza, theluthi ya darasa ikatae kubadilishana. Pili, wanafunzi wote wabadilishane mara moja tu, isipokuwa mmoja atakayebadilishana na watano. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba si idadi ya mabadilishano peke yake inayoamua matokeo. Ramani ya nani amekutana na nani ina uzito wake.

Mfano huu una kasoro, na mwalimu mwaminifu hatazificha. Magadi hupita kila mara maji yanapochanganywa, ilhali virusi havipiti katika kila tendo. Magadi hupungua nguvu kila yanapogawanywa, ilhali virusi huzaliana upya katika kila mwili. Tena hakuna kikombe kinachoweza kumeza dawa. Zaidi ya yote, mwalimu akataze kabisa mzaha juu ya mwenye kikombe chekundu. Huenda darasani yupo kijana aliyezaliwa na virusi, ambaye humeza dawa zake kila jioni pasipo mtu kujua, naye hakuja shuleni ili afanywe mfano.

KWA NINI KUPIMA KIJIJI KIZIMA?

Mtu akitaka kujua kama dawa ya malaria inafaa, huwagawa wagonjwa kwa kura, wengine wapewe dawa hii, wengine ile. Elimu haigawanyiki hivyo. Ukimfundisha Asha na kumwacha dada yake, jioni Asha atamsimulia dada yake. Kwa hiyo watafiti huigawa jamii nzima kwa kura: vijiji hivi vipewe mpango mpya, vile viendelee na huduma za kawaida, kisha baada ya miaka kadhaa vilinganishwe. Kazi hiyo ni ya gharama na hudai subira. Afrika Mashariki, na Tanzania hasa, imekuwa miongoni mwa viwanja vyake vikuu duniani.

Jaribio la kwanza lenye sifa lilifanyika mkoani Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994, katika jamii 12. Katika sita, zahanati na vituo vya afya viliboreshwa ili kutibu magonjwa ya zinaa barabara: wahudumu walifunzwa, dawa zilipatikana, na wananchi walihimizwa kwenda kutibiwa. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 1.2 katika jamii hizo, na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Hiyo ni pungufu ya takriban asilimia 40, na habari yake ilienea duniani mwaka 1995.

Hata hivyo, wilayani Rakai, Uganda, watafiti wengine walitoa dawa za magonjwa ya zinaa kwa watu wote, wagonjwa na wazima, nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi. Maambukizo ya virusi hayakupungua hata kidogo. Wataalamu wamejadiliana kwa miaka mingi juu ya sababu. Maelezo yenye nguvu ni kwamba Rakai ugonjwa ulikuwa umekomaa, umeenea hata miongoni mwa watu wasio na magonjwa ya zinaa yanayotibika, na kwamba huduma iliyo wazi kila siku si sawa na dawa inayopita mlangoni mara moja kwa miezi kumi. Wanafunzi wa sayansi wasikasirike wanapoona majaribio mawili yanagongana. Hapo ndipo maarifa huanza kunoleka.

WALICHOSEMA VIJANA NA ILICHOSEMA DAMU

Tunafika sasa kwenye jaribio ambalo, kwa maoni yetu, kila mwalimu wa Tanzania angepaswa kulijua kama anavyojua sheria za Mendel. Liliitwa MEMA kwa Vijana. Liliendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF, na London School of Hygiene and Tropical Medicine, katika wilaya za Geita, Kwimba, Misungwi na Sengerema, ambazo wakati huo zote zilikuwa mkoani Mwanza. Jamii 20 ziligawanywa kwa kura, kumi kwa kumi. Vijana 9,645 waliandikishwa mwaka 1998 na kufuatiliwa kwa miaka mitatu.

Mpango ulitungwa kwa uangalifu. Katika shule za msingi 62, walimu walifundisha afya ya uzazi darasa la tano hadi la saba, wakisaidiwa na wanafunzi waelimishaji rika walioigiza michezo mifupi. Wahudumu wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana pasipo kuwakaripia. Vijana waliochaguliwa vijijini waligawa kondomu. Kila mwaka palikuwa na wiki ya afya ya vijana. Mtu angeombwa kuchora mpango bora kwa karatasi, pengine angechora huo huo.

Matokeo yalipotoka, maarifa yalikuwa yamepanda sana. Vijana walijibu maswali vizuri, mitazamo yao ilibadilika, na wavulana walisema wanatumia kondomu zaidi. Laiti watafiti wangeishia kwenye madodoso, tungetangaza ushindi. Lakini walikuwa wamechukua pia damu. Nayo damu haikuonyesha upungufu wowote wa hakika, si wa virusi vya UKIMWI, si wa malengelenge ya sehemu za siri. Idadi ya mimba nayo haikushuka.

Yamkini muda ulikuwa mfupi? Watafiti walirudi mwaka 2007 na 2008, wakawapima vijana 13,814 waliosoma katika shule za jamii zile zile 20. Maarifa yalikuwa bado yamedumu, jambo la kusifiwa. Virusi vya UKIMWI vilikutwa kwa asilimia 1.8 ya wanaume na asilimia 4.0 ya wanawake, na malengelenge kwa asilimia 41.4 ya wanawake, bila tofauti ya maana kati ya jamii zilizopata mpango na zile zisizoupata.

Kuna njia mbili za kuusoma ukweli huu. Wavivu husema: elimu haifai, tuache. Hilo halifuati. Kijana asiyejua hawezi kujikinga. Anayejua aweza, iwapo mlango upo wazi. Njia ya pili ni kuuliza mlango ulifungwa na nani. Mpango wa MEMA ulikuwa na nguvu darasani na zahanati, na ulikuwa hafifu katika jamii kubwa inayowazunguka vijana: wazazi, wenye fedha, wenye magari, wenye vilabu vya pombe. Msichana wa darasa la saba alihitimu akijua kila kitu kuhusu virusi, kisha akaingia katika ulimwengu ambamo sabuni, nauli na kitambaa cha gauni vilitoka kwa mwanamume mwenye umri wa kuwa baba yake, ambaye hakuhudhuria somo hata moja.

Mkoani Morogoro kwenyewe, swali la fedha liliulizwa waziwazi. Katika vijiji kumi vya wilaya za Kilombero na Ulanga, mwaka 2009 na 2010, Taasisi ya Afya ya Ifakara pamoja na watafiti kutoka ng'ambo waliwaandikisha watu 2,399 wa miaka 18 hadi 30. Wote walipata ushauri nasaha na matibabu bure. Kwa kura, baadhi yao waliahidiwa shilingi 10,000 kila baada ya miezi minne wakipimwa na kukutwa hawana magonjwa ya zinaa yanayotibika. Wengine waliahidiwa shilingi 20,000. Hali ya virusi vya UKIMWI haikufanywa sharti la malipo, na ni haki isifanywe. Mwisho wa mwaka, shilingi 10,000 hazikuleta tofauti yoyote. Shilingi 20,000 zilipunguza magonjwa hayo kwa kiasi cha robo.

Mwandishi anakiri kwamba wazo la kumlipa mtu ili asiugue linakwaruza kidogo. Hata hivyo linafundisha: waliopewa ushauri peke yake na waliopewa ushauri pamoja na fedha za kutosha walijua mambo yale yale. Hawakutofautiana kwa elimu. Aidha, jaribio hilo halikuwa kubwa kiasi cha kuweza kupima virusi vya UKIMWI vyenyewe, basi tusilitwishe mzigo lisioubeba.

Kisarawe, mkoani Pwani, ilikuwa sehemu ya utafiti uliozijumuisha pia Zimbabwe, Afrika Kusini na Thailand. Huko upimaji wa hiari ulitolewa zahanati na kupelekwa kwa mahema vijijini na sokoni. Katika jamii za Tanzania zilizopata mpango, asilimia 37 ya watu wa miaka 16 hadi 32 walijitokeza kupimwa, kulinganisha na asilimia 9 kwingineko. Kwa nchi za Afrika kwa jumla, maambukizo mapya yalipungua kwa kadiri ya asilimia 14, tofauti ambayo kitakwimu ilikuwa dhaifu, na nafuu iliyo wazi zaidi ilionekana kwa wanawake waliopita miaka 24. Vijana zaidi, kwa mara nyingine, walibaki nyuma.

RAMANI YA NJIA PANDA

Turudi Dumila. Maadamu darasa peke yake halitoshi, jamii ya njia panda yaweza kushikwa wapi?

Mahali pamoja ni kituo cha malori. Kati ya mwaka 1990 na 1993, AMREF iliendesha kazi katika vituo vya malori kwenye barabara kuu za Tanzania, ikiwafundisha madereva na wanawake wa vituoni wawe waelimishaji wa wenzao. Hoja yake ilikuwa nyepesi na sahihi: dereva hulala Dumila leo na Tunduma keshokutwa, kwa hiyo akose kufundishwa na wenyeji wa mahali pamoja, afundishwe na barabara yenyewe. Matumizi ya kondomu, kwa maelezo ya wahusika, yaliongezeka sana. Tukumbuke tulichojifunza kuhusu maelezo ya wahusika. Lakini angalau huko watu wazima ndio waliofundishwa.

Pengine ni kwa jirani. Kuanzia mwaka 2008 redio zetu zilitangaza michezo mifupi ya mwanamume aitwaye Fataki, anayewatongoza wasichana wadogo na kila mara kuumbuliwa na mtu wa tatu. Ubora wa mchezo huo haukuwa katika kumwonya msichana. Msichana ameonywa vya kutosha. Ulimkabidhi kazi mtu wa pembeni, yule aliyezoea kutazama kando. Jina la Fataki liliingia katika lugha ya mitaani, na jamii ikipata jina la kumwitia mkosaji, imepata pa kuanzia.

Mkoani Mwanza miaka ya 1990, mradi wa TANESA ulijaribu njia mbili nyingine. Katika shule za msingi 185 za wilaya mbili, mwalimu wa kike alichaguliwa kuwa mlezi wa wasichana, na tathmini ilionyesha kwamba palipokuwa na mlezi, wasichana walikuwa tayari zaidi kueleza usumbufu waliofanyiwa, hata ule wa walimu. Kasoro yake ni kwamba walezi wengi waliona haya kuzungumzia kondomu. Waluguru na Wakaguru wataitambua sura ya mlezi huyo. Katika mila zao, ambazo ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, kijana hakuachwa aingie utu uzima akiwa peke yake: palikuwa na mjomba, palikuwa na wanawake wazima waliomfunda mwali. Si yote yaliyofundwa yangefaa leo, na mengine yaliwaharakisha watoto kuolewa. Lakini kila kijana alimjua kwa jina mtu mzima aliyepaswa kuulizwa. Wanafunzi wetu wangapi leo wanaweza kumtaja mtu huyo?

Njia ya pili ya mradi ule ilikuwa ramani. Wanakijiji walichora kijiji chao na kutia alama mahali na saa ambazo msichana yuko hatarini. Shule ya sekondari yaweza kufanya hivyo kwa ruhusa ya mkuu wa shule na viongozi wa kijiji, kama zoezi la Jiografia na Baiolojia kwa pamoja. Wasichana wachore yao, wavulana yao, wazazi yao, kila kundi faraghani, kisha zilinganishwe. Patiwe alama kituo cha mabasi, nyumba za wageni, gulio, mashine ya kusaga, kisima, vyumba vya kupanga vya wanafunzi watokao mbali. Kila alama iandikwe saa: ni nani anauza nyanya barabarani saa tatu usiku, na kwa nini mzigo wake hauishi mchana? Patiwe alama pia zahanati, pamoja na siku na saa ambazo kijana anaweza kupimwa bila kukaa benchi moja na shangazi yake. Sheria ilirekebishwa mwaka 2019, na sasa mwenye umri wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa, wengi hawajaambiwa. Majina ya watu yasiandikwe popote.

Tahadhari moja. Ramani za namna hii, zikiachiwa wanaume watupu, aghalabu huzaa amri ya kuwafungia wasichana ndani. Hapo hatari imeachwa barabarani ilipokuwa, na aliyeadhibiwa ni mwingine. Basi kila pendekezo liulizwe kwanza linamzuia nani.

Ramani ikikamilika, ipelekwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na kusomwa na wanafunzi wenyewe. Nakala moja ibaki shuleni. Mwaka unaofuata, kidato kingine kiende mahali pale pale, saa ile ile, kihesabu tena.